Wimbo wa Sita Nilioufuta

Nyaga,

Sikuulizi hali. Barua hii nimeianza mara nne, na kila mara mkono ulijiandikia wenyewe "natumai u mzima", kama tulivyokaririshwa shuleni, nikairarua. Basi nianze na ninachokijua: nimekasirika. Nimekasirika tangu mwezi wa nane, na wewe unajua mimi sijui kukasirika. Mimi ni mtu wa kucheka. Hata mke wangu akinigombeza huishia kuniuliza kwa nini natabasamu, na wala sitabasamu, ni mashavu tu yalivyoumbwa. Lakini mwaka huu wa tisini na nane mashavu yamegoma. Mteja akiingia dukani akataka kaseti ya kwaya, naisukuma juu ya kaunta kama mtu anayetupia mbwa mfupa. Juzi mzee mmoja aliniuliza kama ninaumwa na jino. Nikamwambia ndiyo, yote.

Nitakusimulia hata mambo unayoyajua, univumilie. Ulikuwa ukisema sisi watu wa rika langu hatuwezi kueleza jambo bila kuanzia kwa Nuhu. Leo naanzia kwa Nuhu na hutanikatiza.

Ulikuja kwangu hapa Makutano mwishoni mwa mwaka jana na begi moja, karatasi ya kliniki na vidonge ndani ya kibahasha. Ulikuwa na miaka ishirini na sita. Chuo cha ualimu kilikuwa kimekurudisha nyumbani Kibugu, na kutoka nyumbani ukapelekwa ile hospitali ya akili ya Nairobi ambayo jina lake watu wa kwetu hulitumia kama tusi. Ulipotoka huko, mama yako, dada yangu wa pekee, alinipigia simu dukani. Alisema maneno machache tu: "Kaa naye, ndugu yangu. Huku wamemchoka." Hakusema ni nani aliyechoka. Haikuwa lazima.

Mimi nilidhani umekuja kunisaidia kuuza. Siku ya tatu ukasimama mlangoni mwa kile chumba changu cha nyuma cha kurekodia, chenye trei za mayai ukutani za kuzuia mwangwi na godoro lililozuia mlango, ukasema, "Anko, nataka kurekodi." Nikafurahi. Nilifikiri ni injili. Tukaazima kile kinanda cha kanisa chenye ngoma ndani yake, nikavaa hedifoni zangu kama rubani, nikabonyeza. Ukaanza kuongea haraka haraka juu ya zile ngoma, Kiswahili, Kiembu na hiyo Sheng yenu, mikono ikikata hewa. Nikangoja. Dakika ya nne ukanyamaza, nami nikakuuliza kwa heshima zote, "Sawa, sasa utaanza kuimba saa ngapi?"

Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. "Anko, si ndio nimemaliza!"

Tangu siku hiyo sikuwahi kukusikia ukicheka vile tena, na nimejaribu kukumbuka.

Jina lako la jukwaani lilikuwa Strungi, na nilikutania sana. Mtoto wa mwenyekiti wa kituo cha kuchukulia majani ya chai, anajiita chai isiyo na maziwa! Ukanijibu, "Anko, sisi ndio tunapanda chai na sisi ndio tunaikunywa nyeusi." Kila nilipokutania ulinijibu hivyo, kwa upole, kisha mimi ndiye niliyekwenda nyumbani nikifikiri.

Na albamu yako, hiyo "Nauliza Kichwa", sikuielewa mara moja. Mimi nimerekodi kwaya, maharusi, na mganga mmoja wa Igoji aliyetaka tangazo. Sikuwa nimerekodi mtu akijisema. Ulikuwa na utaratibu wako: kila wimbo, kabla ya ngoma kuingia, unatoa habari za kichwa chako kama mtu wa redio anavyotoa hali ya hewa. "Leo kichwa kina ukungu mpaka magotini." "Leo kumekucha lakini jua ni la watu wengine." Halafu ndiyo unaanza. Siku mbaya zaidi hukurekodi kabisa. Ulikaa juu ya kreti ukaangalia viatu vyako, nami nikajifanya natengeneza deki ya kaseti. Ile deki ilitengenezwa mara nyingi kuliko deki yoyote hapa Meru, na haikuwa na kasoro hata moja.

Kuna ule wa pili, kuhusu nyumbani:

"Wananiuliza kama nimekula,
hawaniulizi ni nini kinanila."

Na ule wa nne:

"Nilivunjika mguu, mkaleta machungwa.
Nimevunjika kichwa, mmeleta kamba."

Huo wa nne uliponifikia masikioni, nilivua hedifoni nikasema naenda kuangalia kama taa za stima zinawaka kwa jirani. Stima ilikuwa sawa. Nilisimama nyuma ya bucha nikilia, mzee mzima wa miaka arobaini na minane mwenye kitambi, na yule muuza nyama akaniuliza kama nimefiwa. Nilimwambia bado. Hilo neno "bado" nimelitafuna sana tangu hapo.

Sasa tufike kwenye wimbo wa sita.

Ulikuwa wimbo wa Cucu wako, mama mzazi wa baba yako. Mimi nilimwona mara moja tu, siku ya arusi ya dada yangu. Wewe ulimjua mpaka ulipokuwa na miaka tisa. Kila asubuhi alikuwa akishuka kwenye kijito kile kinachotoka msituni, chini ya shamba la chai, akasimama hapo akiongea, mpaka familia ikaona aibu ikamfungia katika chumba cha kuwekea vikapu. Humo ndimo alimozeekea. Kibugu nzima inajua na Kibugu nzima haisemi. Wewe ukasema:

"Cucu, nimerithi pua yako na hii sauti ya pili.
Pua wanaisifu. Sauti wanaificha."

Tulimaliza albamu mwezi wa nne. Ukaniambia, "Anko, vunja." Ulimaanisha vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ambavyo ukivivunja hakuna mashine itakayoweza kurekodi juu yake. Kazi ya sekunde mbili, natumia ncha ya kisu. Nikakwambia tungoje kwanza karatasi ya jalada itoke kwa mpiga chapa. Wewe ukaniamini. Mimi mwenyewe wakati huo nilijiamini.

Wiki iliyofuata baba yako akanipigia simu. Sauti yake haikuwa ya mwenyekiti, ilikuwa ya mtu anayeomba. Watu wa Chuka wangekuja kumuulizia posa dada yako Wanja, na unajua watu wa kuuliza wakija huuliza mambo mawili kwa majirani kabla ya kuuliza bei ya mbuzi: je, katika ukoo huu kuna uchawi? Je, kuna wazimu? "Nasikia kijana anamtaja mama yangu kwenye kaseti," akasema. "Shemeji, nisaidie."

Nikamsaidia. Unajua mimi kusaidia ndiyo kazi yangu. Siku uliyoshuka Embu kliniki, niliingiza ile kaseti kubwa, ile mama ya nakala zote, nikaipeleka mpaka wimbo wa sita, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na juu ya Cucu wako nikarekodi akina mama wa arusi wakimsifu bibi harusi. Dakika nne na nusu. Hata sauti niliisawazisha ili isiruke. Ndivyo nilivyo mimi: nikifanya uovu, naufanya kwa ufundi.

Nilijiambia nitakueleza. Nikajiambia kesho. Nakala zikaanza kuuzwa. Jumamosi moja ukaingia dukani, makanga mmoja wa matatu alikuwa amesimama hapo akiisikiliza yote na kutikisa kichwa, na wimbo wa tano ukaisha. Wakaingia akina mama na vigelegele vyao. Yule makanga akacheka, "Hapa Strungi ameoa!" Wewe hukucheka wala hukusogea. Ulisikiliza mpaka kigelegele cha mwisho. Halafu ukanitazama.

"Anko, hata wewe?"

Basi. Hukupiga meza. Spika yangu ya nje ilikuwa na skrubu iliyolegea. Ukachukua bisibisi ukaikaza, ukarudisha bisibisi mahali pake, ukaenda zako Kibugu. Ungenitukana, Nyaga! Nina ngozi nene, ningelala. Huo upole wako ndio ulioniacha bila pa kushika. Kila siku nikasema nitapanda gari niende nimwombe radhi mtoto wa dada yangu, na kila siku kulikuwa na mteja.

Baada ya wiki tatu ukajitoa uhai.

Nayaandika maneno hayo jinsi yalivyo kwa sababu siku ile hakuna aliyeyatamka. Hawakukupitisha langoni. Walikata ua nyuma ya zizi la ng'ombe, tundu la kupita jeneza na watu wanne, wakakupeleka ukingoni mwa shamba unapoanza msitu, na kabla ya saa nne asubuhi mambo yalikuwa yamekwisha. Mchungaji hakuja. Hakuna aliyeanzisha wimbo hata mmoja, wewe uliyekuwa na albamu nzima. Mama yako alishikiliwa na wanawake wawili nyumbani ili asije akaona. Aone nini? Mwanawe?

Na mimi nilikuwapo. Hili ndilo linalonikereketa kila nikiamka. Mimi ni ndugu ya mama yako. Kwetu mjomba hanyimwi. Hata mtu asiyemwogopa Mungu anamwogopa mjomba, kwa kuwa neno lake likimwangukia mtoto wa dada yake au nyumba iliyomzaa, haliondoki kwa urahisi. Ningesimama nikasema, "Huyu anapita langoni," nakuapia wangekupitisha langoni, hata kama ni kwa kunyata. Sikusimama. Niliangalia viatu vyangu. Nilikuwa nimenunua vipya kwa ajili ya mazishi na vilikuwa vinanibana, na unaweza kuamini kwamba hapo, mbele ya tundu lile, nilikuwa ninafikiria vidole vya miguu?

Nimemkasirikia mchungaji. Nimewakasirikia wale walioweka mikono kichwani pako wakakwambia vidonge ni kukosa imani, kisha wao wenyewe wakanywa dawa zao za presha nyumbani. Nimemkasirikia baba yako. Na usidhani umeponyoka: nimekukasirikia wewe. Simu ya dukani ulikuwa nayo. Ungepiga hata usiseme kitu, ungepumua tu, ningeijua pumzi yako, nimeirekodi miezi mitano. Ningepanda gari la kwanza, hata la makabichi.

Nilikwenda kwa daktari wako wa kliniki, yule mama mfupi. Nilitaka aniambie mimi ndiye niliyekuua ili nijue. Alikataa. Akasema ugonjwa ule una nguvu zake lakini una tiba pia, na wengi sana huvuka wakishikwa mkono. Akasema hakuna jambo moja linaloua mtu. Nikamshukuru nikatoka nje. Wakishikwa mkono, Nyaga. Na wangu ulikuwa kwenye kitufe.

Sasa nikupe habari mpya, kwa maana hii ndiyo iliyonikalisha chini niandike.

Alhamisi iliyopita walikuja dukani: baba yako, mama yako, Wanja, na mzee mmoja wa kanisa lao aliyeletwa, nadhani, ili awepo Mkristo wa akiba. Walikuja na pikapu ya kukodi, na nyuma yake kondoo dume mnene na kreti ya soda. Nikajua kuna jambo. Kwa mjomba haendwi mikono mitupu, na zamani ingekuwa pombe ya asali, lakini hawa wameokoka, basi laana yao huzuiwa kwa soda ya machungwa. Kondoo alifungwa kwenye nguzo ya duka, na kabla hatujamaliza salamu alikuwa amekula nusu ya bango la kwaya.

Baba yako akazungumza kwa adabu. Watu wa Chuka walikuwa warudi Jumamosi kwa mara ya pili, na wamesikia fununu za kaseti. Akaomba ile kubwa. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti akatoa nyingine, iliyoandikwa kwa mkono wako. "Hii tuliipata chini ya godoro lake. Tuzichome pamoja, shemeji, tumalize."

Sikujua kwamba ulikuwa umejitengenezea nakala yako siku ile ile tuliyomaliza, kabla ya vitufe vyangu viwili. Nyaga, wimbo wa Cucu ulikuwa hai! Ulikuwa kwenye koti la mtu aliyekuja kuuchoma, na hakukuwa na mwingine duniani.

Nikwambie ukweli, hata hapo nilijaribu kuteleza. Nilianza, "Shemeji, usiwe na wasiwasi, kwangu ule wimbo haupo..." Nikasimama katikati, kwa sababu mama yako aliinua uso. Hakuwa anajua. Ndipo nikasema yote: simu, vitufe, vigelegele, na lile neno lako la mwisho kwangu. Mama yako alikuwa ameweka mkoba wake juu ya kaunta yangu. Aliuondoa pole pole akauweka mapajani, kama mtu aliyegundua kwamba meza ni chafu. Akasema neno moja, kwa lugha ya kwetu ya utotoni Kanyakine, na neno hilo ni la mimi na yeye.

Baba yako ndiye aliyepumua. "Basi Mungu ametusaidia. Imebaki hii moja."

Mungu ametusaidia! Hapo ndipo ile hasira ya miezi miwili ilipopanda kutoka kwenye vile viatu mpaka kichwani. Lakini haikutoka kwa kelele, nilishangaa mwenyewe. Nikasema, "Shemeji, mimi sijawahi kukuomba kitu. Siku ya mahari ya dada yangu nilikula nilichopewa. Siku ya mazishi nilinyamaza, na kunyamaza kule kutanifuata. Leo naomba. Nipe hiyo kaseti. Naiomba kama mjomba."

Mzee wa kanisa akakohoa. "Hayo ni mambo ya kale, bwana. Sisi tumeoshwa."

"Mimi siogopi laana," baba yako akasema.

"Nani ametaja laana? Nimeomba tu."

Nje yule kondoo akalia. Wanja alikuwa akimtazama baba yake bila kupepesa. Nyaga, baba yako ameokoka kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini mkono wake wa kulia nadhani ulibaki nje ya kanisa siku ile. Alikuwa bado anatikisa kichwa kukataa, na mkono tayari ulikuwa juu ya kaunta ukiiachia kaseti.

Nikaiweka. Ilikuwa na mkwaruzo, nakala tu, lakini ukasikika: "Leo kichwa kimetulia kama chai iliyosahauliwa kikombeni." Ngoma ikaingia. Mama yako akajifunika mdomo. Ulipofika mahali unaposema Cucu alishuka kila siku kuongea na mto, baba yako akapiga kaunta kwa kiganja, akapaza sauti kwa Kiembu mpaka watu wa stendi wakageuka:

"Hakuwa anaongea na mto! Alikuwa anaongea na dada yake!"

Nikazima. Hakuna aliyemuuliza kitu, yalimtoka yenyewe. Walikuwa wasichana wawili wameenda kuteka maji, mmoja akazama, na aliyebaki ndiye mama yake. Alipokwisha kuolewa na kuzaa ndipo alipoanza kwenda kumwamkia. Akasema, "Mimi ndiye niliyetumwa kumrudisha nyumbani, kila siku, tangu nikiwa mdogo. Na mimi ndiye niliyefunga ule mlango. Baba aliniamuru, nikafunga." Halafu akatuangalia kama mtu aliyeamka katika nyumba asiyoijua, akatoka nje akasimama kando ya kondoo.

Nilingoja kumhurumia. Huruma ilikuja, lakini ilikuja imechelewa na ikasimama nyuma ya foleni. Hivi, miaka yote hiyo alijua! Alijua tangu siku yako ya kwanza mbaya kwamba hukurogwa wala hukuvuta kitu, na akaita uvivu. Ningeweza kumtikisa. Sikumtikisa kwa kuwa kila nilichotaka kumwambia nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe mbele ya kioo.

Wanja ndiye aliyesimama. Unamjua, yule anaongea kama anapima sukari. Akasema, "Anko, nitolee nakala ya huu wimbo. Watu wa Chuka wakija Jumamosi nitawawekea mimi mwenyewe. Wakiondoka, waondoke wakijua wanachokimbia." Mzee wa kanisa akamaliza soda yake, akafungua nyingine.

Na aliwawekea. Mama yako ameniambia walisikiliza mpaka mwisho, wakashukuru kwa chai, wakaondoka, na hadi leo hawajajibu. Sijui watasemaje. Kijana mwenyewe amemwandikia Wanja barua, wazee wake ndio wamenyamaza. Wanja anaendelea kufundisha watoto wake wa chekechea, na nimesikia anawafundisha kwa ukali zaidi kidogo. Ni wa kwetu huyo.

Nimetengeneza kaseti kubwa mpya. Wa sita umerudi mahali pake na mkwaruzo wake wote. Sikuusafisha, na wanaolalamika nawaambia huo ndio ufundi wangu. Kabla sijafanya jambo lolote, hata kabla ya chai, nilivunja vile vijipande viwili. Waliouziwa ile yenye vigelegele nawaambia wailete wapewe hii. Makanga yule alikuwa wa kwanza. Alisikiliza wa sita amesimama, akavua kofia, na hakutania.

Lakini bado nilikuwa na uongo mmoja mdomoni. Mtu akiangalia picha yako ya jalada na kuuliza, "Huyu kijana alikufa na nini?", nilikuwa nikijibu malaria. Malaria! Kibugu, ambako mbu akifika hutetemeka kwa baridi akarudi alikotoka! Na watu walikubali, kwa kuwa hakuna anayetaka kujua zaidi.

Jana aliingia mama mmoja na kikapu cha nduma, mtu wa huku kwetu juu ya Nkubu. Akasikiliza wimbo wa nne, akasikiliza wa tano, akauliza swali lile lile. Mdomo wangu ukaanza herufi ya kwanza ya malaria. Nikaufunga. Nikasema, "Aliugua kichwa. Alikuwa na dawa na alikuwa na kliniki, lakini akakosa watu, akajitoa uhai. Mimi ni mjomba wake, na ni mmoja wa waliokosekana."

Yule mama aliweka kikapu chini. Hakusema pole. Aliuliza kama nina kiti. Akakaa, akasikiliza wa sita, akanywa maji, ndipo akasema kwa sauti ndogo kwamba ana ndugu, fundi seremala, hajatoka chumbani tangu Pasaka, na nyumbani wanasema amerogwa na wameanza kuzungumzia kumfunga kamba.

Nilisimama haraka mpaka kiti changu kikaanguka. Nikamwambia, "Kamba wasiiguse!" Nadhani nilipiga kelele, maana muuza nyama alichungulia. Kisha nikamwomba radhi, nikamweleza kuhusu daktari mfupi, nikamwuliza ndugu yake anapenda nini. Akasema anapenda redio.

Basi nimemaliza kwa Nuhu, nimefika hapa. Hasira sijaiacha, Nyaga, na sina haraka ya kuiacha. Naona inanitembeza vizuri kuliko ile tabia yangu ya kutabasamu. Pumzika huko ukingoni, mtoto wa dada yangu. Radhi naiomba sasa, nikijua imechelewa, na hulazimiki kunijibu.

Ahadi yangu ni hii. Kesho kutwa duka halifunguliwi. Nakwenda kwa yule seremala na redio yangu ndogo na kaseti yako, na gari la kutupeleka kliniki nimelipanga. Akikataa kutoka, nitakaa nje ya mlango wake na kuongea naye kuhusu deki, kwaya, viatu vinavyobana, chochote, mpaka achoke na mimi. Unajua ninavyochosha. Atatoka.

Mjomba wako,
Makutano